Masisi na Walikale: kubeba mzigo si mazoezi ya mgongo

Kwenye barabara inayotoka Sake kupanda Masisi-centre, mbele ya jua kupanda, wamama wako njiani tayari. Mzigo wa makala ao wa viazi uko mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo imeinama, macho yanaangalia miguu tu. Pembeni yao kijana anasukuma chukudu yenye magunia ya maharagi. Ukimsalimia mama mmoja, "Mama, habari ya siku?", mara nyingi jibu halichelewi: "Ni ile mugongo tu, mwanangu."

Sisi tumezoea jibu hilo. Tunasema "pole mama", tunapita. Leo tumetaka kusimama kidogo hapo, kwa sababu mgongo ndio gari ya watu wa Masisi na Walikale. Ukiharibika, shamba linalala, maji hayafiki nyumbani, na watoto wanakosa pesa ya masomo.

Tulipomwambia mama mmoja muuza makala kwamba waganga wanatibu mgongo kwa mazoezi, alicheka sana. "Siku yote niko nabeba, njo munaniambia tena nifanye spor? Spor ni ya bale banakalaka mu biro!" Tulicheka pamoja naye, lakini swali lake ni la maana. Kama kutembea na kubeba kungetosha, hakuna mtu wa Masisi ao wa Walikale angelia mgongo. Basi tuseme tangu mwanzo: kubeba mzigo si mazoezi, na kulala kitandani wiki nzima si dawa. Tujaribu kueleza kwa nini, na mtu afanye nini akiwa nyumbani kwake, bila kutoa hata franga moja.

Mgongo ni kama mti wa hema

Uti wa mgongo una mifupa midogo 24 inayojongea, mmoja juu ya mwingine, na chini yake mfupa mmoja mkubwa wa kiuno. Katikati ya mfupa na mfupa kuna kitu laini kinachopokea uzito. Lakini mifupa hiyo peke yake haiwezi kusimama. Wanaoishi ao waliopita kwenye kambi za wakimbizi wanajua: mti wa hema unasimama kwa sababu kamba zinauvuta kila upande kwa nguvu sawasawa. Kamba za mgongo ni misuli: ya mgongo wenyewe, ya tumbo, ya matako na ya mapaja. Kamba moja ikilegea, ingine inavuta zaidi, inachoka, inaanza kuuma.

Kubeba kila siku kwa namna moja kunafanya hivyo hivyo. Mama anayebeba kwa kamba ya kichwa anatumikisha shingo na mgongo wa chini, akiwa ameinama mbele kwa saa nyingi. Misuli ileile inakazwa bila kupumzika. Tumbo na matako hayapati zamu yake. Mazoezi yanafanya kinyume: yanajongeza kila upande, polepole, kwa uzito mdogo, halafu yanaachilia. Mtu ndiye anachagua mwendo. Kwenye mzigo, mzigo ndio unachagua.

Walikale wanalijua jambo hili toka zamani. Mbele ya barabara kufika Bisie, kasiterite ilikuwa inatoka mgodini kwa mabega ya vijana: kilo 50 hivi kwa mtu, zaidi ya kilometa 40 ndani ya pori mpaka Njingala, halafu ndege zinaipakia Kilambo kwenda Goma. Leo mgodi mkubwa wa Alphamin, ulioanza kutoa mali 2019, uko na magari yake. Lakini mifupa ya wale waliobeba miaka ile haikubadilishwa. Wengi wao wamekuwa wapapa sasa, na asubuhi wanatoka kitandani wakishika ukuta.

Ongeza juu yake kukimbia. Vita vilifika Masisi-centre mwanzo wa 2025, na Walikale-centre Machi ya mwaka uleule. Familia nyingi zilikimbia na godoro kichwani, mtoto mgongoni na sufuria mkononi, zikalala chini kwenye udongo ao juu ya mawe ya volkano. Hapo mgongo unapata kazi yote na haupati usingizi.

Kuumwa mgongo ni kitu kimoja, kupinda ni kingine

Watu wengi wanachanganya mambo mawili. Kuumwa mgongo ni jambo la dunia nzima. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Mara nyingi hakuna mfupa uliovunjika wala ugonjwa mubaya. Ni misuli na viungo vilivyochoka, na watu wengi wanapata nafuu ndani ya wiki chache.

Mgongo uliopinda kwa pembeni ni jambo lingine. Waganga wanauita skolioze. Ukimwangalia mtu huyo kwa nyuma, uti hausimami kama mstari. Umepinda kama herufi S ao C, na mifupa yenyewe imejizungusha kidogo. Bega moja linakuwa juu kuliko lingine, ubavu mmoja unatokea nje. Waganga wanapima kwenye picha ya radiyo, kwa kipimo cha Mmarekani John Cobb kilichoanza 1948: kuanzia digrii 10 ndipo wanaita skolioze. Duniani, watoto 2 ao 3 katika 100 wanayo wakifika umri wa kukua haraka, na kwa wasichana ndiyo inaongezeka zaidi.

Inatoka wapi? Katika watu 10 wenye skolioze, karibu 8 sababu yao haijulikani. Ila mara nyingi unakuta katika jamaa kuna mwingine aliye nayo. Haikutoka kwa bidoni ya maji, wala kwa mfuko wa shule, wala kwa namna mtoto anavyolala. Na haikutoka kwa jirani. Tunasema hilo wazi kwa sababu kwenye vijiji vyetu tunasikia: "Ule mutoto balimuloga." Mtoto anatolewa shuleni, anafichwa nyuma ya nyumba, anapelekwa kwa mtu wa kuchanja ao wa kukanyaga mgongo. Jamaa ya msichana inaogopa kwamba hakuna atakayeleta mahari, kwamba hatazaa. Wamama wengi wenye skolioze wanabeba mimba na wanazaa vizuri. Wanachotakiwa ni kumwambia mzalishaji mapema.

Mmoja wetu tunaoandika habari hii ana mgongo uliopinda tangu utoto wake. Shuleni, wakati wengine walikuwa wanacheza mpira, mwalimu alikuwa anamwambia: "We kaa pale, utavunjika." Alikaa pale miaka yote ya shule. Alivyokuwa mukubwa ndipo mganga mmoja alimwambia kwamba kukaa ndiko kulikomdhoofisha. Mgongo uliopinda si mgongo uliovunjika. Usain Bolt, yule wa Jamaika aliyekimbia metre 100 kwa sekonde 9.58 kule Berlin mwaka 2009, ana skolioze. Yeye mwenyewe aliisema, na akaeleza kwamba alilazimika kukaza sana misuli ya tumbo na ya mgongo.

Hatusemi kwamba mazoezi yatanyoosha mti. Kwa mtu mzima, mstari uliopinda haurudi kuwa sawa kwa mazoezi. Yanachofanya ni kupunguza maumivu, kuongeza pumzi na kuupa mgongo nguvu ya kusimama na kazi. Kwa mtoto anayekua, kama digrii zimefika 25 ao zaidi, mganga anaweza kumpa korse ili usiendelee kupinda. Zikipita karibu 50, ndipo watu wanaongea mambo ya kupasua. Kwa hiyo ni heri kumuona mapema.

Kuchungua mtoto hakuombi mashine

Mzazi ao mwalimu anaweza kufanya hivi. Mtoto avue shati, asimame miguu pamoja, ainame mbele polepole, mikono ikining'inia, kama anayetaka kugusa vidole vya miguu. Wewe simama nyuma yake, inama, uangalie mgongo wake kama unavyoangalia kilima. Kama upande mmoja wa mbavu uko juu kuliko mwingine, mpeleke kwa mganga. Kati ya miaka 10 na 15 ndio wakati mzuri wa kuangalia, sababu ndipo anarefuka mbio. Kwa msichana, mama ao dada mukubwa ndiye amwangalie, kwa heshima.

Lakini kuna kupinda kwingine ambako si skolioze. Mtu alikuwa mzima, halafu katikati ya mgongo kinaanza kutokea kibyongo chenye ncha. Anaumwa usiku, anakonda, anatoka jasho, ana homa za mangaribi. Hapo fikiri kifua kikuu cha mifupa. Percivall Pott, mganga wa London, alikielezea 1779, na mpaka leo kipo kwetu. Kinakula mfupa kwa mbele mpaka unaanguka, na kinaweza kuua miguu. Kinapona kwa dawa za kifua kikuu, ambazo katika nchi yetu hazilipishwi, mradi mtu azinywe miezi yote bila kuruka. Mtu huyo asianze mazoezi, asikandwe, asikanyagwe mgongo, mpaka mganga aseme.

Usingoje pia, kimbia hospitali, kama mguu unakosa nguvu ao unakufa ganzi. Kama mkojo ao choo kinatoka bila kujua, ao mkojo unakataa kutoka. Kama sehemu za siri na katikati ya mapaja hazisikii kitu. Kama maumivu yalianza nyuma ya kuanguka kwenye chukudu, moto ao shimo la mgodi. Kama mzee ameanguka hata kidogo tu. Kama kuna homa ao kukonda bila sababu. Hizo si habari za mazoezi.

Kulala, sindano na kikwembe

Mgongo ukishika, jamaa inasema: "Lala tu, mama, itapona." Siku moja ao mbili za kupumzika si mbaya. Lakini siku saba kitandani zinalegeza zile kamba za hema, na mtu anaamka akiwa mdhaifu kuliko alivyolala. Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri yake juu ya maumivu ya mgongo yanayodumu: mazoezi yamo ndani, na kufundisha mtu namna ya kujitunza, mikaba ya kufunga kiuno haimo. Mama anayejifunga kikwembe kwa nguvu ili amalize safari hatumlaumu, inamsaidia saa ile. Tunasema tu kwamba kikwembe hakitibu.

Juu ya dawa, tuwe waangalifu. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kwenye kila kafarmasi, hata sokoni. Kwa siku chache zinasaidia. Ukizinywa kila siku ili ubebe tena kesho, zinaharibu tumbo na figo, na usipohisi maumivu unabeba kuliko mwili unavyoweza. Mama mwenye mimba asizinywe bila kuuliza mganga.

Dakika kumi kwenye kirago

Haya ndiyo mazoezi tunayoyapendekeza kwa mtu asiye na zile alama za hatari, hata mwenye skolioze. Yafanye asubuhi mbele ya kwenda shambani, ao mangaribi. Anza mara 5 kila moja, panda polepole mpaka 10. Misuli kuchoka kidogo ni kawaida. Maumivu yakishuka mguuni ao yakizidi mpaka kesho yake, punguza.

La kwanza, paka. Piga magoti, weka mikono chini, uwe kama meza. Inua mgongo juu kama paka aliyekasirika, ukitoa pumzi. Halafu uushushe polepole, kichwa kikiinuka. Usifanye mbio.

La pili, mkono na mguu. Ukiwa palepale, nyoosha mkono wa kuume mbele na mguu wa kushoto nyuma. Hesabu mpaka tano, rudisha, badilisha. Kama kikombe cha maji kingekaa kiunoni, kisimwagike.

La tatu, daraja. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Kaza matako, inua kiuno mpaka mwili uwe mstari toka mabegani hadi magotini. Hesabu tano, shuka.

La ine, ukuta. Simama, mgongo ukigusa ukuta, visigino vikiwa mbali kidogo. Jirefushe kana kwamba mtu anakuvuta nywele za utosini, mabega yakishuka. Vuta pumzi ndefu, itoe polepole, mara 5. Kwa mwenye skolioze hili ni la maana sana. Katharina Schroth, Mjerumani aliyekuwa mwenyewe na mgongo uliopinda, alianza kwa kujitazama kwenye kioo na kupeleka pumzi upande wa mbavu zilizobonyea. 1921 akafungua kituo chake kule Meissen, na mpaka leo kazi yake inafundishwa. Namna yake kamili inaomba mwalimu, kwa sababu kila mgongo unapinda kivyake. Lakini kujirefusha na kupumua vizuri hakumdhuru mtu.

La tano, kuchuchumaa na kusimama, mikono mbele, kifua kikiwa juu, ukiishika miti ya mlango kama magoti hayana nguvu. Hili ndilo litakusaidia kesho kuinua bidoni.

Na la mwisho, kutembea bila mzigo. Tuulize wamama wetu: ni lini mara ya mwisho ulitembea mikono mitupu, bila mtoto mgongoni, bila kitu kichwani? Wengi watakosa jibu. Kama njia haina usalama, zunguka kiwanja cha nyumba dakika kumi na tano. Kijana mwenye mgongo uliopinda acheze mpira na wenzake, aimbe na kucheza kwenye korali, apande kilima. Hakuna sababu ya kumkataza, isipokuwa mganga amesema.

Mzigo wenyewe nao upunguzwe

Hatutamdanganya mtu kwamba dakika kumi zitashinda saa kumi za kubeba. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20. Bidoni mbili za lita 10, moja kila mkono, ni uzito uleule, lakini mgongo hauvutwi upande mmoja. Ukiinua, kunja magoti, leta mzigo karibu na tumbo, usijizungushe ukiwa nao. Ukiwa na kamba ya kichwa, tua kila nusu saa, jinyooshe kwa nyuma mara tano, mikono kiunoni. Jembe lenye mpini mfupi linakuinamisha siku nzima. Tia mpini mrefu. Ukipalilia, badilisha mkono na mguu wa mbele.

Halafu kuna neno ambalo wapapa hawapendi kulisikia. Katika nyumba nyingi, papa anatangulia na panga, mama anafuata na gunia, kuni na mtoto. Chukudu inabeba mzigo wa wamama watano, lakini ni ya kijana wa kulipwa, si ya nyumba. Mume anayemwambia mke wake "fanya yale mazoezi ya gazeti" halafu anamwachia kilo 40 za mihogo, amemtania tu. Dawa ya kwanza ya mgongo wa mama ni mabega ya mume na ya vijana wa kiume wa nyumba hiyo.

Waende wapi?

Mwenye maumivu ya zaidi ya wiki sita, ao mtoto aliyeonekana kupinda, aanze na kituo cha afya cha karibu, halafu hospitali kubwa ya Masisi, Mweso ao Walikale. Goma kuna HEAL Africa, wanaotibu mifupa, na kituo cha walemavu Shirika la Umoja. Kwa watu wa Walikale wanaoshuka na barabara ya Hombo mpaka Bukavu, kuna kituo cha Heri Kwetu. Huko unamkuta kinezi, yaani mganga wa kujongeza viungo. Yeye ndiye anaweza kukupangia mazoezi ya mgongo wako mwenyewe. Barabara ni mbaya na vita haviombi ruhusa, kwa hiyo uliza kwanza kwa simu ya mtu aliyeko kule kama wanapokea, mbele ya kulipa moto.

Yule mwenzetu mwenye mgongo uliopinda bado umepinda. Hajanyooka, na hatanyooka. Asubuhi tulipokuwa tunamaliza kuandika, alifanya paka wake mara kumi na daraja mara kumi, halafu akachukua bidoni mbili za lita kumi, akaenda kisimani. Binti wa jirani, yule ambaye jamaa yake ilimtoa shuleni juu ya bega lake, alikuwa mlangoni anamwangalia. Akirudi atamfundisha lile la ukuta.